Antivirasi ya Pili

Dada wa duka la kuchapisha aliishika ile flashi kwa ncha za vidole viwili, akairudisha juu ya meza.

"Hii hapana, mama. Samahani. Bosi amekataza."

"Amekataza flashi?"

"Amekataza flashi yako."

Nyuma kulikuwa na foleni ya watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyejifanya hakusikia. Mwanamume mwenye bahasha ya kaki alirudi nyuma hatua moja, utadhani virusi vya kompyuta vinarukia watu. Mama Chapa aliichukua flashi yake, akaitia kwenye pochi, akatoka akiwa ameinua shingo. Alipopita kona tu shingo ikashuka, uso ukawa wa moto.

Mama Chapa ni jina alilopewa na majirani, nalo lilimpendeza. Alikuwa mchapaji kwa miaka ishirini, mwanzo ofisini, baadaye nyumbani kwake, kwenye chumba kidogo cha mbele chenye meza, kompyuta, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Watu walimletea maandishi ya mkono na flashi zao, naye akawarudishia kurasa zilizonyooka. Nani angejua flashi hizo zimepita kwenye mashine ngapi? Wiki tatu nyuma mmoja wa wateja alimletea balaa. Kila folda ilipata kimshale kidogo pembeni. Ukiibonyeza haifunguki, na ndani ya flashi vitu vinajificha. Yeye alidhani kompyuta imezeeka. Akaendelea kuubeba ugonjwa huo kwenye flashi yake kila alikokwenda, na mahali pa kwanza alipokwenda palikuwa shuleni.

Simu ya mwalimu mkuu ilimkuta mlangoni, bado ameshika ufunguo. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mama Chapa, kompyuta ya ofisi yangu imelala siku tatu. Fundi anasema ugonjwa uliingia na flashi yako."

"Nisamehe, mwalimu. Sikujua kabisa."

"Najua hukujua. Lakini kamati ya shule inaniuliza kwa nini mitihani inachapwa chumbani kwa mtu, na siku hizi kuna ofisi kila kona. Nimekutetea. Mitihani ya muhula huu nitakupa, sita kama kawaida. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, niwe nayo kwenye flashi safi. Tafuta antivirasi ya maana. Ikitokea tena, sitakuwa na mdomo wa kukutetea."

"Nimesikia, mwalimu. Ahsante."

Aliendelea kuishika simu sikioni hata baada ya kukatika. Wateja wengine huja na kupotea. Shule ilikuwa yake kwa miaka tisa, mara tatu kwa mwaka, na ndiyo iliyomfanya ahesabike kuwa mtu wa kazi. Bila shule angebaki mama fulani anayechapachapa vikaratasi nyumbani. Alijua hivyo, na alijua kwamba mtaa mzima ungejua siku hiyohiyo.

*

Mumewe aliitwa Kamanda, hata na watu ambao hawakuwahi kuwa chini yake. Alikuwa mkuu wa walinzi kwenye maghala ya kampuni moja kubwa kwa miaka thelathini, na mwaka uliopita walimpa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Tangu hapo alikuwa nyumbani, na nyumba ilimkaa vibaya. Asubuhi alikagua makomeo ya madirisha. Mchana alitia mafuta bawaba ambazo hazikulia. Funguo za akiba za kila mlango, hata wa choo, zilining'inia kwenye pete moja kiunoni pake.

Mkewe alipomsimulia yaliyompata dukani na maneno ya mwalimu mkuu, Kamanda alisimama. Ilikuwa kama ameitwa kazini.

"Hilo niachie mimi."

"Mzee, hii ni kompyuta."

"Kwani flashi inaingilia wapi?"

"Hapo mbele. Kwenye kitundu."

"Basi hapo ni geti. Mambo ya geti niachie mimi."

Mama Chapa alicheka bila kupenda. Kwa kawaida alimwita mzee. Akimwita Kamanda ujue amechukia. Siku hiyo hakuchukia. Alifurahi kumwona ana shughuli.

Jioni walimpigia simu binti yao, anayetunza majalada ya wagonjwa hospitalini na kushinda kwenye kompyuta kutwa. Waliiweka simu mezani, ikatoa sauti kubwa.

"Hamhitaji kununua kitu," binti alisema. "Iko antivirasi iliyokuja na kompyuta yenyewe. Iwasheni, muipe intaneti ijisasishe. Na mama, usichomeke flashi ya mtu kabla hujaikagua. Basi, yameisha."

"Hiyo iliyomo humo," Kamanda alisema, "wezi walipoingia ilikuwa wapi?"

"Ilizimwa, baba. Mama alisema inamaliza bando."

"Kwa hiyo ililala lindoni."

"Haikulala! Ilinyimwa chakula."

"Mlinzi mwenye njaa anapiga kelele. Huyu hakupiga. Sifanyi kazi na mtu wa namna hiyo."

Binti alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Haya, baba. Nunua basi. Lakini nunua dukani, usipewe ya kunakiliwa."

*

Kamanda alivaa shati lake la kola ngumu, akachukua daftari, akaenda kwa muuza kompyuta. Ndani kulikuwa na visanduku vya rangirangi, kila kimoja kikiahidi amani.

"Huyu wa kijani," aliuliza, "kabla ya hapa amefanya kazi wapi?"

"Nani, mzee?"

"Huyu."

"Hiyo ni programu, mzee. Inatumika dunia nzima."

"Dunia nzima si anwani. Nitajie mahali pamoja nikaulize."

Muuzaji alikuna kichwa, akataja duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara. Kamanda alivuka, akamwuliza mwuza dawa kama ile ya kijani inaelewana na watu, kama imewahi kulaza mashine, kama huwa inasumbua saa za kazi. Mwuza dawa alisema hana malalamiko. Kamanda aliandika, akavuka tena. Aliposikia bei ya mwaka mzima alivua kofia, akajipepea uso, kisha akalipa. Mlinzi wa bei rahisi alikuwa hampendi tangu zamani.

Antivirasi ya kijani ikawekwa siku hiyohiyo. Ilikaa saa mbili ikipekua, ikatoa uchafu wa kila aina, na vile vimshale vikatoweka. Kesho yake Mama Chapa alirudi kwenye duka la kuchapisha. Dada aliichomeka flashi huku amekunja uso, akasubiri, kisha uso ukakunjuka. "Karibu, mama," alisema, na Mama Chapa alirudi nyumbani akihisi miguu yake ni miepesi.

Hapo ndipo mambo yangeishia, kama mwenye kuchagua angekuwa mtu mwingine.

*

Kwenye maghala, Kamanda alikuwa na kanuni moja iliyompa cheo na kumtunzia cheo. Geti haliachiwi mtu mmoja. Kila geti watu wawili, walioajiriwa kutoka sehemu mbalimbali, wasiojuana kabla. Kisha kila mmoja aliitwa ofisini peke yake, mlango ukafungwa, akaambiwa: mtazame mwenzako, na kila Jumamosi uniletee habari zake. Hakuna aliyejua kwamba mwenzake ameambiwa vilevile. Mwenye mali mwenyewe hakuambiwa, maana angeropoka. Kwa miaka thelathini hakuna robota la mzigo lililotoka bila karatasi.

Sasa ile ya kijani ilikuwa peke yake kwenye geti, na jambo hilo lilimnyima raha. Alikuwa anakula, ghafla anaacha kula. Alikuwa anamtazama mkewe akichapa, macho yake yakiwa kwenye kile kialama cha kijani chini ya kioo. Nani anaitazama ile ya kijani? Ikilegea, nani atasema?

Jumatatu ya wiki ya mwisho alikata shauri. Hakurudi kwa muuzaji wa kwanza, wangeweza kujuana. Alikwenda mtaa wa mbali, kwenye duka ambalo hakuna aliyemfahamu, akanunua ya bluu. Jumanne, mkewe alipokwenda sokoni, alifungua chumba cha mbele kwa ufunguo wa akiba, akavaa miwani, akafuata maelekezo neno kwa neno. Katikati ya kazi hiyo, ile ya bluu ilimwonya. Ilisema kwenye mashine hii kuna mwenzangu anayefanya kazi kama yangu, ni vizuri aondolewe kwanza.

Kamanda alitabasamu. Hata walinzi wake walikuwa hivyo. Hakuna aliyependa kuwekewa mwenzake. Akabonyeza *endelea*. Kisha akakificha kialama cha bluu kisionekane, kama maelekezo yalivyoruhusu, akafunga mlango. Mkewe hakumwambia kitu. Usiku huo alilala fofofo.

*

Jumatano kompyuta ilianza kujivuta. Mama Chapa alikuwa amekwisha kuchapa mitihani mitano. Ukichapa herufi, inakaa inafikiri, halafu inakuletea tatu kwa mpigo.

"Leo ina nini hii?" alisema.

"Imechoka," Kamanda alijibu kutoka sebuleni. "Ipumzishe."

Mchana alikwenda shuleni kuchukua maandishi ya mtihani wa sita, wa sayansi, ambao mwalimu wake alichelewa kuutunga. Aliiacha flashi imechomekwa, maana kila siku alinakili kazi yake humo asije akapata hasara. Akafunga chumba. Kwa mitihani chumba kilifungwa daima; katika miaka tisa mumewe hakuwahi kuona hata swali moja, na hakuwahi kuulizwa kama anataka kuona.

Haikupita nusu saa, kompyuta ikaanza kulia. Ilikuwa mlio wa kugutua, unakata, unarudi. Kamanda alikuwa ndani ya chumba kabla hata ya kujua amekwisha fungua. Kwenye kioo kulikuwa na kisanduku chekundu cha ile ya bluu: vitu kumi na vinne vya kutiliwa shaka. Vitengwe, au vifutwe kabisa?

Chini yake kulikuwa na orodha ya majina marefu yenye nukta na namba. Angesoma taratibu angeona kwamba vinne vilikuwa vya ile antivirasi ya kijani, ambayo mwenzake alikuwa ameikaba kooni. Vilivyobaki ni mitihani mitano, na nakala zake tano za kwenye flashi. Binti yao alimtengenezea mama yake kijiamri ndani ya mitihani hiyo, kinachojipangia namba za maswali chenyewe. Ile ya kijani ilikizoea, hii ya bluu haikukijua, ikakishuku.

Kamanda hakusoma majina. Kazini kwake mtu wa kutiliwa shaka hakai ndani huku anajadiliwa. Anatolewa, halafu ndipo maswali. Akabonyeza *futa kabisa*, mlio ukakata, naye akatoka akifunga mlango nyuma yake, amejaa fahari kifuani kama siku za ghala. Mlinzi wa pili alikuwa amefanya kazi.

*

Mama Chapa alirudi jioni, akaiacha kompyuta ipumzike. Alhamisi saa moja asubuhi alifungua folda ya mitihani na kukuta weupe mtupu. Aliifunga, akaifungua tena. Akafungua flashi. Huko nako weupe.

Hakupiga kelele. Aliichomoa flashi, akaichomeka tena, weupe uleule. Kisha akampigia binti.

"Mama, usibonyeze kitu. Nenda kwenye orodha ya programu. Nisomee zilizowekwa mwezi huu."

Alisoma. Alipofika ya tatu binti alimkatiza.

"Rudia hapo. Ziko mbili?"

"Ya kijani na ya bluu."

"Mama! Antivirasi mbili haziwekwi pamoja. Kila moja inamwona mwenzake ni mwizi. Zinapigana humo ndani, na cha mtu kinapotea. Nani ameweka ya pili?"

Mama Chapa aligeuka. Kamanda alikuwa amesimama mlangoni, pete ya funguo mkononi, na uso wake ulisema kabla ya mdomo.

"Mimi," alisema.

"Wewe. Lini?"

"Juzi. Ulipokwenda sokoni." Akaanza kueleza. Alieleza kuhusu geti na watu wawili, wasiojuana, kila mmoja amtazame mwenzake. Alieleza mlio wa jana na kisanduku chekundu na alichobonyeza. Mwanzo alieleza kwa sauti ya kazini, lakini sauti ilikuwa inapungua kila alipomtazama mkewe, mpaka mwisho ikawa kama ya mtu anayesoma barua mbaya. "Sikujua ni mitihani. Wallahi, mama, sikujua."

Simu ilikuwa bado wazi mezani. Kisha binti akasema kwa upole kwamba fundi anaweza kujaribu kuvirudisha, lakini itachukua siku mbili tatu, na hakuna uhakika.

"Kesho saa nane mchana," Mama Chapa alisema.

"Pole, mama."

"Niambie namna ya kuziondoa zote mbili."

Binti akamwelekeza, na Mama Chapa akabonyeza huku midomo imebana. Ya kijani ikatoka, ya bluu ikatoka. Ile iliyokuja na kompyuta ikawashwa, ikapewa intaneti. Ilichukua saa nzima. Mara mbili alishika simu ampigie mwalimu mkuu, mara mbili akaiweka. Angemwambia nini? Kwamba mara hii ugonjwa ameuleta mumewe?

Maandishi ya walimu yalikuwepo bado, kwenye droo. Mitihani sita, na mkono wa mwalimu wa hisabati hata yeye mwenyewe huwa anaushangaa. Kwa kuchapa huku anafumbua maandishi, asingemaliza kwa vyovyote vile. Alivuta kiti cha pili, akakiweka kando ya chake.

"Kamanda. Kaa hapa."

Akakaa.

"Utanisomea, mimi nachapa. Taratibu, neno kwa neno, na nukta na mkato. Kitu unachokisoma kikitoka nje ya chumba hiki, mimi nimekwisha."

"Najua."

"Najua unajua. Ndiyo maana sikuwekei mtu."

Kamanda aliinamisha kichwa, akachukua karatasi ya kwanza.

*

Alisoma vizuri, hilo lazima lisemwe. Alikuwa na sauti ya kusomea majina kwenye gwaride, na uvumilivu wa kufuata mwandiko mbaya mpaka akili ya mwalimu ijulikane. Historia ilikwisha saa nne. Jiografia ilikwisha adhuhuri. Walikula wamesimama. Hisabati iliwatoa jasho, sehemu na vipeuo vikawafanya wazozane kidogo, na katika kuzozana huko kulikuwa na nafuu. Saa mbili usiku mgongo wa Mama Chapa ulikataa, wakaenda kulala.

Yeye hakulala. Alikuwa amepangilia maswali kichwani, lakini kichwa hakikutaka maswali ya walimu. Kilikuwa na lake moja. Aligeuka ubavu huu, akageuka ule. Kando yake mtu aliyeishi naye miaka ishirini na saba alikuwa anapumua, na yeye alikuwa anahesabu mageti.

Ijumaa kabla jua halijachomoza walikuwa mezani. Lugha na uraia wakazimaliza saa nne. Ikabaki sayansi. Saa tano na nusu walikuwa nusu ya ukurasa wa mwisho, na ilikuwa wazi sasa kwamba watawahi. Kamanda aliliona hilo, sauti yake ikapata uhai.

"Swali la kumi na tisa. Taja sehemu mbili za ua ambazo..."

Vidole vya mkewe havikwenda.

"Mzee."

"Naam."

"Kila geti watu wawili."

"Mama, hayo tumeyamaliza. Nimekosa, nimekiri."

"Siyo hayo. Nauliza. Miaka thelathini yote, hukuwahi kuacha geti hata moja na mtu mmoja?"

"Hata moja," Kamanda alisema, na fahari ikamtoka kabla hajaizuia.

"Na mimi nilipokuja kwako, uliniwekea nani?"

Aliuliza akitaka kuchekwa. Alitaka aambiwe, wewe mwanamke una wazimu, chapa kazi. Angecheka naye, na angemsamehe mitihani mitano na mingine mitano juu yake. Lakini Kamanda hakucheka. Alikunja kona ya karatasi ya sayansi, akaikunjua. Alikuwa na makosa yake, ila ripoti ya uongo hakuwahi kuandika maishani.

"Ilikuwa mwaka wa kwanza tu," alisema.

Nje mtu alipita na toroli, magurudumu yakalia, yakaenda mpaka yakapotea.

"Nani?"

"Nilikuwa zamu za usiku. Wewe ulikuwa mgeni, hata sikukujua vizuri. Mtaa wenyewe ule..."

"Nani, mzee?"

"Dada."

Mama Chapa aliweka mikono yote miwili juu ya kibodi, na kioo kikaandika mstari mzima wa herufi zisizo na maana. Dada yake Kamanda. Wifi yake, aliyekuja kukaa nao mwaka ule kwa sababu, walivyosema, alikuwa anatafuta kazi. Walilala chumba kimoja mume akiwa zamu. Walisukana nywele. Mimba ya kwanza ilipotoka, ni wifi aliyemshika mkono hospitalini na kumwogesha kama mtoto. Ni yeye wa kwanza kuambiwa kwamba anamwogopa mumewe kidogo, na ni yeye aliyemwambia hana haja ya kumwogopa.

"Alipoolewa akaondoka nililia wiki nzima," alisema. "Uliniona nikilia."

"Nilikuona."

"Ukaninunulia redio."

"Alikupenda kweli, mama. Hilo sikumtuma mimi."

Aliona aibu, kana kwamba amevuliwa nguo mbele ya watu na kuambiwa kwamba alikuwa hivyo tangu zamani. Hasira ilikuwepo pia, lakini aibu ilitangulia. Alijaribu kukumbuka kila neno alilomwambia wifi yake gizani, miaka ishirini na saba nyuma, na kila neno alilolikumbuka lilimrudia likiwa limeshikwashikwa.

"Alikuwa anakuletea habari gani?"

"Kwamba hakuna kitu. Kila Jumamosi aliniambia hakuna kitu, huyu ni mtu mzuri."

"Na ulimwamini?"

 Kamanda aliinua mkono amguse bega, ukaishia hewani, ukarudi kwenye karatasi.

Mama Chapa alifuta ule mstari usio na maana, herufi moja moja.

"Soma," alisema.

"Mama..."

"Saa sita inakaribia. Soma."

Akasoma. Taja sehemu mbili za ua ambazo huvutia wadudu. Mara mbili aliruka mstari, akaanza upya. Mkewe alichapa kila neno na kila nukta, hakukosea hata mahali pamoja.

*

Saa saba alihifadhi kazi, akaikagua flashi kwa ile antivirasi iliyokuja na kompyuta, akavaa mtandio. Kamanda alikwisha chukua mkoba wa maandishi, kama alivyofanya siku zote kazi za shule zilipokwisha. Walizoea kwenda pamoja. Yeye humsubiri nje ya ofisi akizungumza na mlinzi.

"Nipe mkoba," Mama Chapa alisema.

"Mzito huu."

"Nipe."

Akampa. Alibaki kizingitini akimtazama anavyokwenda, kisha akashtuka kwamba anamtazama, akaingia ndani.

Mwalimu mkuu alimpokea kwa mikono miwili. Aliichomeka flashi kwenye kompyuta mpya ya ofisi, wote wawili wakasubiri. Kompyuta ya shule iliikagua flashi, ikasema haina tatizo. Mitihani sita ikafunguka mmoja baada ya mwingine, imenyooka, namba zimekaa mahali pake. Mwalimu mkuu aliipitia huku anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Na bado saa nane haijafika! Kamati sasa nitaiambia inyamaze. Muhula ujao ni wako, na unaofuata. Niambie, nani alikusaidia kuchagua antivirasi? Hata sisi tunatafuta."

"Mume wangu," Mama Chapa alisema.

"Una bahati. Wa kwangu hata kuiwasha kompyuta hajui."

"Ndiyo. Wangu ni mwangalifu sana."

Alitaka kuongeza neno, badala yake akaomba kiti. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti, naye hakuyafuta. Mwalimu mkuu alidhani ni uchovu wa kuchapa. Alimsogezea kiti, akamwambia pole, mama, umejitahidi, akaenda mwenyewe kumletea maji.